Barua kwa Yaya, kutoka Liège

Liège, Jumapili tarehe 10 Novemba 2024

Yaya wangu mpendwa,

Jambo sana. Naomba barua hii ikukute wewe, Mama, Shemeji na watoto wote mkiwa wazima. Sisi huku tuko salama, Mungu anasaidia. Baridi imeanza, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, na wazee ninaowahudumia wanaomba blanketi ya pili kabla hata ya kula. Karatasi hii nampa mama mmoja wa kanisa letu anayepitia Kigali wiki ijayo. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu mtandao unakatika mahali pabaya, halafu wewe unanyamaza na mimi napandisha sauti. Nataka unisome polepole, Mama akiwa karibu.

Ni kuhusu ile odio uliyotuma Jumanne kwenye grupu ya familia. Mtu yule anasema chanjo za watoto zimeletwa kufunga vizazi vya mabinti wa Kivu, na kwamba madaktari wote wanajua na wamelipwa wanyamaze. Nimeisikiliza mara tatu. Kilichoninyima usingizi ni maneno yako mwenyewe uliyoandika chini yake: "Ndiyo maana sijampeleka mtoto."

Yaya, katoto kana miezi kumi na mmoja. Chanjo ya surua kwetu mtoto huipata akitimiza miezi tisa. Kwa hiyo miezi miwili sasa anatambaa bila kinga, mji wetu wa Goma ukiwa umezungukwa na watu waliokimbia vita, wamebanana kwenye kambi za Bulengo na Kanyaruchinya, hema kwa hema. Na surua haingoji mtu aguswe. Mgonjwa akikohoa ndani ya chumba na kuondoka, hewa ya chumba kile inaweza kuambukiza kwa muda wa saa mbili hivi. Penye watu wasio na kinga, mgonjwa mmoja huwapa wengine 12 hadi 18.

Sikugombezi. Wewe ni mkubwa wangu, ni wewe uliyenisuka nywele siku ya kwanza ya masomo. Na hasira yako najua ilikotoka, maana mpaka Februari 2020 nilikuwa hapo nyumbani. Wakati wa Ebola tulinawa maji ya klorini kwenye kila barieri, tukapimwa joto kwenye paji la uso, magari ya mashirika ya misaada yakapita kwa misururu, kodi za nyumba za Himbi zikapanda, na watu wakaanza kusema biashara ya Ebola. Beni na Butembo waliambiwa wasipige kura Desemba 2018 kwa sababu ya ugonjwa, huku masoko na makanisa yako wazi. Walipopiga kura Machi 2019, rais alikuwa ameshaapishwa Januari. Mtu aliyejiuliza maswali hapo hakuwa mjinga. Ebola ile ya mashariki iliua watu 2,287 kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Surua, tangu mwanzo wa 2019 peke yake, iliua zaidi ya 6,000 nchini kwetu, wengi wao watoto wadogo, na sikumbuki msururu wa magari uliokuja kwa ajili yao.

Mmoja wao ulimbeba wewe. Mtoto wa jirani yetu wa Ndosho, unamkumbuka. Alikuwa anageuzia uso ukutani kwa sababu mwanga wa mlango ulimwumiza macho. Vidonda vilijaa mdomoni hata akashindwa kunyonya. Akishika titi anaachia, analia bila sauti. Mama yake alikuwa anampepea kwa jalada la daftari. Uliponipa nikushikie, mwili wake ulikuwa unachoma kupitia kitenge. Na yule mama hakuwa amekataa chanjo. Alikwenda kwenye kituo cha afya mara mbili, mara mbili akaambiwa zimekwisha, arudi. Mara ya tatu hakuwa tena na pesa ya pikipiki. Ndiyo maana nikisikia watu huku wakisema Wakongo hawapendi chanjo, naumia. Wasimulie na hiyo.

Ila kuna jambo nimelifikiria usiku kucha. Yule mtu wa odio hana shaka hata moja. Anajua wazungu wanawaza nini, anajua kila daktari kalipwa, anajua binti wa miezi tisa atakuwaje akiwa na miaka ishirini. Jina lake hataji, wala hasemi amejuaje. Nami nikiwakumbuka watu ambao neno lao limetuweka hai, naona wote walikuwa watu wa kusema: hapa najua, hapa sijui.

Mkumbuke Koko, mzee wetu, kule karibu na Mugunga. Kila alfajiri kabla ya kufungulia mbuzi alichukua kipande cha kitambaa, akakifunga kwenye fimbo, akakiwasha, akakishusha polepole kwenye bonde lile dogo la mawe. Siku nyingine moto uliendelea kuwaka. Siku nyingine ulizimika ghafla kabla haujafika chini, bila upepo, kana kwamba mtu ameubana kwa vidole. Hapo alisema "mazuku" na mbuzi wakapelekwa upande mwingine. Mimi nilimwuliza kwa nini anasumbuka kila siku wakati jana moto haukuzimika. Akanijibu kwamba jana aliijua jana. Na alituonyesha kwamba mtu mzima anaweza kupita pale amesimama asisikie kitu, mbuzi na mtoto wakaanguka kwa kuwa pua zao ziko chini. Baadaye alikuja yule kijana wa kituo cha volkano na chombo chake cha kupimia, akakishusha bonde lile lile, akasema ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya mabondeni usiku. Koko alimkaribisha chai. Walikuwa wanasema jambo moja.

Kisha ikaja Jumamosi ile, tarehe 22 Mei 2021, mlima wetu Nyiragongo ulipolipuka. Mimi nilikuwa huku, simu mkononi, mbingu nyekundu kwenye picha zenu. Hakuna aliyewaonya. Baadaye wanasayansi wenyewe walieleza kwamba dalili kwenye vyombo zilitangulia lava kwa dakika 40 hivi tu. Tena kwa miezi kadhaa kabla ya hapo kituo cha volkano kilikosa pesa na intaneti ya kupokea ishara za mlimani. Alfajiri ya tarehe 27 gavana akaamuru kartie kumi kati ya kumi na nane za mji zihame. Mkaenda Sake, Mama juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, mkalala chini kwenye darasa bila maji safi. Mlipuko wa pili haukuja. Mliporudi Juni, mlango ulikuwa umevunjwa, godoro na sufuria hazipo. Tangu siku hiyo ukisikia jina la mlima unasema: "Wale ni waongo."

Yaya, magma ilipita kweli chini ya mji, mpaka chini ya ziwa. Nyufa za barabarani uliniletea picha zake wewe mwenyewe. Na Kivu chini kabisa ina hewa ile ile ya mazuku, kilomita za ujazo 300 hivi, pamoja na methani 60 hivi. Kule Kameruni, ziwa dogo sana kuliko letu, Nyos, lilitoa hewa hiyo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, zaidi ya watu 1,700 wakafa. Waliotoa shauri la kuhama walikuwa wanaona kitu kiko chini ya miguu yenu, wala hawakujua kama kitatoka. Kukosa maji Sake ni kosa la wakubwa. Kuacha nyumba zenu bila mlinzi ni kosa la wakubwa, na mimi pia bado nalidai. Lakini aliyesema "inaweza", kisha isiwe, hakutudanganya. Mwaka 2002 ilikuwa kinyume: Dieudonné Wafula, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo Goma, alionya, wenye uwezo wa kuamua hawakumsikiliza, na tarehe 17 Januari lava ikapita katikati ya mji. Nyumba yetu ya kwanza iko chini ya hii mnayolala.

Usidhani huku watu wanasikiliza. Miezi miwili tu baada ya mlima wenu, Julai 2021, nilikuwa nakaa Verviers, karibu na mto Vesdre. Mfumo wa Ulaya wa kutabiri mafuriko ulikuwa umeanza kutuma maonyo tangu tarehe 10. Jirani yangu, mama mzee, aliniambia amezaliwa pale na mto haujawahi kufika mlangoni. Nilimwamini kwa sababu hiyo: amezaliwa pale. Usiku wa tarehe 14 tulipanda orofa ya pili na mtoto mgongoni, na kulipokucha friji ya yule mama ilikuwa inaelea jikoni mwake, mlango wazi, chupa ya maziwa bado imesimama ndani. Ubelgiji ilizika watu 39, Ujerumani zaidi ya 180. Nilimkumbuka Koko sana siku ile. Yeye pia alizaliwa pale, lakini alishusha moto kila asubuhi.

Na Kalehe. Najua nyumbani jina hilo linatajwa kwa sauti ya chini tangu ndugu za Shemeji waondoke Nyamukubi. Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 400 katika siku moja ya mvua, na wengi hawakupatikana kabisa. Mwezi uliofuata kundi la wanasayansi wa kimataifa wanaopima kama mabadiliko ya tabianchi yamechangia maafa fulani lilitoa ripoti. Walisema hawawezi kujibu, kwa sababu vipimo vya mvua vya eneo letu ni vichache mno. Wangeweza kusema ni tabianchi, kila mtu angeitikia. Walisema hawajui, na kwa nini hawajui. Mimi niliwaheshimu kwa hilo kuliko kwa hesabu zao zote. Mtu akija kukuambia uache makaa ya kupikia ili miti ibaki na milima isiporomoke, muulize basi utapikia nini, una haki kamili. Umeme haujafika kwenye parsele yako. Akijibu "sijui, tutafute pamoja", mpe kiti.

Sasa turudi kwa katoto.

Kuhusu vizazi: Mama alikuchanja surua ulipokuwa mdogo, muulize sasa hivi yuko hapo. Umezaa watoto watano. Binti yangu alichanjwa hapa akiwa na mwaka mmoja, kwenye foleni moja na watoto wa Kibelgiji, na muuguzi aliandika nambari ya chupa kwenye kijitabu chake. Chanjo ya surua imetumika duniani tangu 1963. Mabinti waliochanjwa enzi hizo leo ni mabibi wenye wajukuu. Na usifikiri elimu hii ni ya wazungu peke yao. Mojawapo ya dawa mbili zilizowasaidia wagonjwa wa Ebola mwaka 2019 ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995, na Profesa Muyembe wetu, mtaalamu wa virusi, alikuwa ndani ya kazi hiyo. Goma yenyewe ilipata wagonjwa wanne, ikaishia hapo, kwa sababu waliowagusa walitafutwa na kuchanjwa.

Najua utasema: sawa, lakini hawa wa kituo chetu siwaamini. Basi usiwaamini kwa maneno. Mwombe muuguzi akuonyeshe chupa kabla hajaifungua. Kwenye kifuniko au shingoni kuna alama ndogo ya duara lenye rangi, na ndani yake mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijapigwa na joto kupita kiasi. Mraba ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, imeharibika. Chanjo ya surua ni unga unaochanganywa na maji yake. Muulize umechanganywa saa ngapi, kwa sababu muda wa saa sita ukipita tangu kuchanganywa, lazima utupwe. Muuguzi mzuri hatakasirika. Akikasirika, nenda kituo kingine, pesa ya pikipiki ya safari tatu nimeitia kwenye simu ya Shemeji leo asubuhi.

Mwambie Mama aende nawe. Macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo, kwa hiyo mraba utautazama wewe, yeye ashike mtoto. Wiki moja hivi baadaye homa inaweza kuja, au vipele vidogo, inapita yenyewe. Mpe maziwa mara nyingi. Ukiwa na wasiwasi piga hata saa nane za usiku, nakuwa zamu.

Nisalimie wote wa Ndosho. Nakukumbatia.

Mdogo wako