Vijana wafundishwe simu ya upepo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mi ni fundi umeme, naishi Tandika, na nina leseni ya redio ya ridhaa, yani ya kuongea hewani na wenzako wenye redio kama hiyo, mjini au nje ya nchi. Ridhaa kama ile ya ndondi za ridhaa, yani mtu anafanya kwa mapenzi yake halipwi hata shilingi, na hairuhusiwi kabisa kuitumia kwa biashara wala kupiga muziki wala kuongea kwa mafumbo ili wengine wasielewe. Wazee mtaani wanaiita simu ya upepo na jina hilo nalipenda.

Kilichofanya niandike ni mjumbe wetu. Mwaka jana nilifunga waya mpya nyuma ya nyumba, mita 10 upande huu mita 10 upande ule, ncha moja kwenye mwarobaini wangu na nyingine kwenye mnazi wa jirani ambaye nilimuomba kwanza akakubali. Ni waya wa kawaida tu wa wairingi, na vya kuzuia umeme pale kwenye ncha ni vipande vya bomba la plastiki nilivyokata kwa msumeno. Ndo antena yenyewe hiyo, haina kingine. Wiki haijaisha mjumbe kaja na vijana wawili, kumbe kuna mtu kapeleka maneno kwamba fundi usiku anaongea kizungu peke yake chumbani na ana waya wa kupeleka siri nje ya nchi.

Sikukasirika, ningekuwa mimi pia ningeuliza. Nikawakaribisha ndani nikamwonesha leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nikamwonesha alama yangu ya wito, yani jina langu la hewani, inayoanza na 5H, ambayo dunia nzima wanajua ni Tanzania, kama Kenya walivyo na 5Z na Uganda 5X. Alafu nikawasha. Ilikuwa jioni, magharibi imepita, saa nzuri kwa masafa ya mita 20 (hiyo ni urefu wa wimbi, sio wa waya), nikaita mara mbili tu akajibu mzee mmoja wa Italia, sauti safi kama yuko Mbagala. Mjumbe akasikiliza weee, mwisho akaniuliza, "Fundi, sasa huyu anakatwa kiasi gani kwa dakika?" Nikamwambia hakatwi yeye wala sikatwi mimi, hakuna vocha hakuna bando, hapa ni betri ya gari na huo waya. Akanyamaza kidogo, akasema basi mwambie Tandika tunamsalimia. Nikamwambia, yule mzee akajibu 73, ambayo kwetu sisi ni salamu nyingi za heri, popote ulipo duniani ukisema 73 unaeleweka. Tangu siku hiyo mjumbe akipita ananiuliza upepo unasemaje leo.

Nasimulia haya kwasababu nadhani tatizo letu kubwa ni kwamba watu hawajui hiki kitu ni nini, na asiyejua ataogopa, haki yake. Wageni wanakuja na redio zao begini wanaenda Zanzibar wiki mbili wanaomba kibali wanaita 5H hewani, na dunia nzima inagombania kuongea nao maana Tanzania haisikiki mara nyingi, alafu wanafunga mabegi wanaondoka. Sisi wenye nchi tuko wachache mno. Mi nikiita Jumapili najibiwa na watu ishirini wamerundikana kwa pamoja, Wajapani, Wajerumani, Waarabu, lakini nikitafuta mtu wa Mwanza au Mtwara wa kumwambia habari za asubuhi kwa Kiswahili simpati. Inaniuma sana hiyo.

Mi mwenyewe nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa afisa redio melini, enzi hizo meli zinaongea kwa mofsi, zile alama za mlio mfupi na mrefu, kabla ya 1999 mambo yote ya dharura baharini hayajahamia kwenye setilaiti na mitambo mipya. Yule mzee alinikalisha mwezi mzima nasikiliza tu, mikrofoni sigusi. Nilikuwa naona ananionea. Baadae ndo nikaelewa, maana redio hii kazi kubwa ni sikio. Unajifunza kwamba masafa ya mita 40 mchana yanakufikisha Tanga au Dodoma vizuri tu, usiku yanaruka mbali yanashuka Afrika Kusini na Ulaya, kwasababu huko juu, kilomita 200 na zaidi, kuna tabaka la hewa linalochajiwa na jua ambalo mawimbi yanagonga yanarudi chini. Unajifunza kuuliza kwanza kama masafa yana mtu kabla hujaita. Unajifunza kwamba mwenye sauti dhaifu ndo anapewa nafasi, wenye nguvu mnanyamaza mnamsikiliza mpaka amalize. Na siku hizi mofsi sio lazima kimataifa tangu 2003, kila nchi inaamua yenyewe, kwahiyo kijana asiogope hapo, japo mi bado naipenda maana inapenya hata pale sauti haipenyi.

Jambo jingine ambalo watu wa Dar watalielewa, chaja za bei rahisi na baadhi ya taa za LED zinatoa kelele kwenye redio sijapata kuona. Jirani aliwahi kuja kwamba redio yangu inaharibu TV yake, tukazima moja moja, kumbe ni chaja ya simu ya mwanae. Umeme ukikatika mtaa mzima, hapo ndo nasikia mbali kuliko siku zote.

Sasa turudi Mei 2024. Wote tunakumbuka tarehe 12, Jumapili, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikawa kama imekufa. Simu za kupiga zilikuwepo, sitaki kutia chumvi, lakini mtaani kwetu vijana wa bodaboda wanaotegemea oda za kwenye simu walikaa kijiweni wanatazamana. Jioni ile mi nilikuwa naongea na jamaa wa Afrika Kusini kama kawaida, yeye ndo akanieleza kwao wanasema kebo imekatika wapi. Upepo hauna kebo ya kukatika. Je ingekuwa tetemeko, au mafuriko makubwa yakaangusha na minara? Desemba 2004 tsunami ilipopiga visiwa vya Andaman kule India, mawasiliano yakafa, na kwa bahati kulikuwa na kundi la wapenda redio wa India wako hotelini Port Blair kwa shughuli zao za kawaida za ridhaa, mama mmoja anaitwa Bharathi Prasad akiwa anawaongoza, ndo wakaanza kupokea na kutuma habari za watu waliopona ili ndugu zao bara wajue. Mawimbi ya siku ile yalifika mpaka pwani yetu na watu walikufa hapa hapa Dar. Wale wa Port Blair hawakufunguliwa redio kwenye boksi siku ile, walikuwa wanajua tayari, mikono imezoea.

Hapo ndo nataka watu wanielewe. Saa hizi unaweza kupata redio koli ndogo ya mkononi kwa bei ya simu ya kitochi, na watu wananunua wanabonyeza tu popote, bila leseni, bila kujua wameingia kwenye masafa ya nani, labda ya bandari labda ya ndege. Huko ni kuhatarisha maisha ya watu na kunatuchafulia jina. Ila kuwakamata peke yake haitoshi, wengi ni vijana wenye hamu ambao hakuna aliyewaambia kuna njia halali.

Kwahiyo ombi langu kwa TCRA, tunaomba maelezo ya leseni ya ridhaa yatoke kwa Kiswahili chepesi na yafike shuleni na kwenye vyuo vya ufundi. Na walimu wa fizikia, jamani, mnafundisha mawimbi kwa chaki! Kituo cha anga cha kimataifa kinapita juu yetu kilomita kama 400, na wanaanga wanapoongea na shule huwa wanatumia masafa ya ridhaa, megahezi 145.800, unakisikia kwa redio ndogo dakika kama kumi alafu kinazama. Na kuna setilaiti ya QO-100 yenye mitambo ya sisi watu wa ridhaa, ilirushwa Novemba 2018, imesimama nyuzi 26 mashariki, yani kwa sisi Dar iko karibu utosini, kidogo upande wa magharibi. Ukichukua dishi la zamani la king'amuzi na LNB yake ya kawaida, kile kichwa cha kupokelea mbele ya dishi, ukaongeza kale kadude ka USB ka kupokea redio kwenye kompyuta, unawasikia watu wa Ulaya na Afrika na Brazil mchana na usiku. Nilimuonesha binti wa dada yangu, yuko kidato cha pili, akakaa pale mpaka chai ikapoa, sasa kila wikiendi ananisumbua anataka alama yake mwenyewe ya wito.

Dishi moja la ziada ninalo, na waya nusu roli. Shule yoyote ya Temeke ikitaka, mwalimu akuachie ujumbe wewe mhariri, mi Jumamosi nakuja na ngazi yangu tufunge.

Mpenda redio,
Tandika, Dar es Salaam