Mhariri, waambieni wasomaji waweke mkasi chini kwanza

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa nyumba na bustani wiki iliyopita, pale mlipoandika kwamba mwisho wa majira ya kuchipua ndo wakati wa kusafisha bustani, yaani kata majani yaliyochoka, piga dawa kila mahali, punguza vichaka, bustani ibaki inang'aa. Najua mna nia njema lakini kwa kweli ushauri ule utawaharibia watu maua, na sio ya mwaka huu tu, hata ya mwakani.

Iko hivi. Kipindi hiki, iwe Mei kwa walio kaskazini mwa dunia au Novemba kwa walio kusini, mimea mingi ya bustani inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, inachanua na papo hapo inaweka akiba ya msimu ujao. Kazi ya kwanza kila mtu anaiona maana ina rangi na harufu, ya pili haionekani kabisa na hiyo ndo mkasi unaiua.

Chukua maua ya tulipu na nasisi yaliyomaliza kuchanua. Ua limeshaanguka, yamebaki majani yamelala lala, yanaanza kuwa manjano, mtu anaona uchafu anafyeka. Sasa yale majani ndo yanatengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kukishusha kwenye tunguu, ile sehemu nene kama kitunguu iliyo chini ya udongo, na ua la mwakani linaanza kuumbwa humo humo. Yaacheni kama wiki 6 hivi mpaka yanyauke yenyewe. Wengine wanayakunja au kuyasuka ili yaonekane nadhifu, nalo silipendi, jani lililokunjwa linapata mwanga kidogo. Kitu cha kukata pale ni kile kichwa cha ua lililokufa peke yake, mmea usipoteze nguvu kwenye mbegu.

Lailaki, kile kichaka cha maua, ni kinyume, yenyewe inataka mkasi lakini kwa saa yake. Matumba ya mwakani yanajitengeneza kwenye matawi wakati wa kiangazi, kwa hiyo ukitaka kupogoa pogoa mara tu maua yanapofifia, ukingoja baridi ije unakata maua yote ambayo hujayaona bado halafu unabaki kulaumu udongo.

Ila kilichoniuma zaidi ni ile aya ya sisimizi. Mmesema ukiona sisimizi kwenye matumba ya ua la pioni piga dawa haraka. Jamani hapana! Tumba la pioni linatoa utamu kwa nje, kabla halijafunguka, kwenye vile vijani vya kijani vinavyolifunika, na sisimizi wanakuja kunywa huo utamu na wakishakuwa pale wanawafukuza wadudu wengine wanaotaka kulitafuna tumba, yaani mmea umeajiri walinzi na mshahara wao ni sukari. Hawali ua, hawaliumizi. Na wale wanaosema bila sisimizi pioni haifunguki nao sio kweli, itafunguka tu. Ukitaka kuingiza maua ndani likung'ute tumba au lichovye kwenye maji wanatoka. Pioni isiyochanua kabisa mara nyingi shida iko chini, imepandwa kwa kina sana, macho ya mzizi, yaani vile vichipukizi vyake, yanatakiwa yasizidi kama sentimita 5 chini ya udongo. Ni mmea unaoweza kuishi miaka 50 na zaidi pale pale, inasikitisha kuupigia dawa kwa kosa ambalo halipo.

Na dawa yenyewe haichagui, inamuua sisimizi na nyuki pia. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku kutumia nje dawa 3 za kuua wadudu za jamii ya neonikotinoidi kwa sababu ya nyuki, na hapo tunaongelea mashamba yenye wataalamu, je mtu wa nyumbani anayemimina kwa macho tu bila kupima? Ua lililo wazi halipigwi dawa. Basi.

Hebu mtu akae dakika chache aangalie foksiglovu, ule mmea wa maua kama vikengele, ikiwa imechanua. Vikengele vya chini vinafunguka kwanza kwa hiyo ndo vikubwa kiumri, vimeshafika hatua ya kupokea chavua, vya juu bado vipo kwenye kutoa chavua. Yule nyuki bambi mnene wa manyoya anaanza chini anapanda juu, kikengele kimoja baada ya kingine, akifika kileleni amejaa chavua anaruka kwenda mmea mwingine na kuanza tena chini, palepale chavua inapohitajika. Mimi kila mwaka naangalia na bado nashangaa. (Waangalieni tu watoto wakiwa karibu na huo mmea, ni sumu kuanzia jani mpaka mbegu.) Halafu kuna popi nyekundu, nyuki hawaioni rangi nyekundu kama sisi, lakini petali zake zinarudisha mwanga wa urujuanimno ambao macho yetu hayauoni lakini wao wanauona, kwa hiyo wanaifuata vizuri tu. Karl von Frisch, mtafiti wa nyuki aliyepata Nobeli mwaka 1973, ndiye aliyetuonyesha kwamba nyuki wanaona rangi, na bado tunapanga bustani kana kwamba wageni wake ni sisi peke yetu. Yale maua yaliyojaa petali tabaka kwa tabaka, mazuri sana sikatai, lakini mengi yao stameni, zile sehemu zinazotoa chavua, zimegeuka kuwa petali kwa hiyo nyuki akifika chavua ni kidogo au hakuna. Changanyeni na yale ya tabaka moja.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Toleo lijalo rudini kwenye mada ile, muandike wazi kwamba aya ya sisimizi ilikosea na kwamba majani ya tulipu yasiguswe, na muiandike mapema, maana kuna watu wameshanunua dawa na wanasubiri wikiendi.

Msomaji wenu wa siku nyingi