Barua kwa Shangazi: kuhusu mafuvu yale ya Meksiko

Shangazi, shikamoo.

Tangu uniulize kama watu wa Meksiko wanaabudu mizimu, nimekuwa nikitafuta namna ya kukujibu vizuri, maana uliuliza kwa dhati. Picha za mafuvu ulizotumiwa kwenye simu zinamtisha yeyote ambaye hajaelezwa.

Sikukuu yenyewe, Siku ya Wafu, ni Novemba 1 na 2, siku zilezile ambazo parokiani kwako mnaadhimisha Watakatifu Wote na Marehemu Wote. Wahispania walipofika na kalenda ya Kanisa, waliwakuta wenyeji wana sikukuu zao za wafu tangu enzi, na mambo hayo mawili yakachanganyika. Kwa kawaida tarehe 1 huwa ya watoto, tarehe 2 ya watu wazima.

Nyumbani huandaa meza ya kumkaribisha marehemu, anayeaminiwa kurudi kuwatembelea siku hizo. Wanaweka picha ya marehemu, mishumaa, chumvi, glasi ya maji kwa kuwa ametoka mbali ana kiu, na mkate mtamu uliofinyangwa juu yake vitu kama mifupa. Chetezoni hufukiza kopali, utomvu wa mti kama sandarusi ya pwani. Maua ya cempasúchil, yenye rangi ya chungwa na harufu kali, hupukuchuliwa na kumwagwa njiani mpaka mezani ili mgeni asipotee. Kinachonigusa zaidi ni chakula. Aliyependa tumbaku huwekewa tumbaku, aliyependa pilipili kali hupikiwa kwa pilipili kali. Meza ile haiandaliki kama umemsahau mtu.

Mafuvu ya sukari ni peremende. Mengi huandikwa jina la mtu aliye hai, akapewa zawadi. Na ile mifupa ya kike yenye kofia pana ilitoka kwa mchoraji José Guadalupe Posada, aliyefariki 1913, akiwasuta watu waliojitia Uzungu.

Liko jambo moja huenda likakushtua. Katika mji wa Pomuch, jimbo la Campeche, Wamaya huitoa mifupa ya ndugu yao kaburini baada ya miaka kadhaa, wakaiweka ndani ya sanduku dogo la mbao. Kila mwaka kabla ya sikukuu huenda makaburini na brashi, wakapangusa mfupa mmoja mmoja, fuvu likakaa juu, kisha wakatandika kitambaa kipya kilichodariziwa jina lake. Huku wanapangusa, wanamsimulia habari za nyumbani. Mimi sioni uchawi hapo. Naona watu wanaomtunza mzazi wao.

Siombi tufukue kaburi la mtu, Shangazi. Lakini tangu tumzike Bibi, jina lake halitajwi pale nyumbani. Likitajwa, mtu anainuka kwenda jikoni. Tumedhani kunyamaza ndiko kumheshimu, na sasa wajukuu wadogo hawajui hata sura yake.

Naomba mwaka huu, Novemba 2, mkitoka misani, uwakalishe watoto uwasimulie. Itundike ile picha yake ya studio iliyomo kabatini. Wapikie samaki wa nazi kama alivyopika yeye, uwaambie ni wa nani. Na usiwafiche ukali wake, wasije wakadhani walikuwa na bibi malaika.

Wako,
Mwanao