Kuhusu ule mkopo wa halmashauri
Jamani habari za asubuhi, jana nilipita kwa afisa maendeleo wa kata kasema ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya kukopesha vikundi ipo, 4 kinamama 4 vijana 2 wenye ulemavu, na haina riba kabisa, sasa sisi mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, tunaikimbilia ya nini?? Ila lazima kikundi chetu kiwe na katiba, akaunti ya benki na mchanganuo wa biashara. Mi naona tuombee mashine ya kukamua alizeti, maana tunauza gunia kwa hasara afu tunarudi dukani kununua mafuta yaleyale, na mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, wafugaji wanayagombania. Alafu daftari la hisa lina doa la chai ukurasa wa Machi, nani alikaa nalo? Jumamosi saa kumi jioni, mje na vitambulisho vyenu vya NIDA