Bangi na kifafa: tusichanganye dawa na jani

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika majuzi kwamba bangi inaponya kifafa, na kwamba madaktari wanalijua hilo ila wanalificha. Mimi ni muuguzi mstaafu wa mkoa wa Morogoro, ambako ugonjwa huu tunaufahamu vizuri. Kliniki ya kifafa ya kule Mahenge ilianzishwa na Dkt. Louise Jilek-Aall mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Hakuna kilichofichwa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali ambacho huanza mtoto akiwa bado mchanga na ambacho dawa za kawaida mara nyingi hukishindwa. Kwa waliopewa kanabidioli, kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya, kiwango cha kati cha kuanguka kilishuka kutoka mara 12 hivi kwa mwezi hadi mara 6, ilhali wenzao waliopewa dawa bandia ya kunywa walibaki karibu pale pale, kwenye 14. Mwaka uliofuata Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Epidiolex. Kwa hiyo mwenzangu hakusema uongo mtupu. Makosa yake yamo katika maneno mawili, “bangi” na “inaponya”.

Watoto wale hawakuvuta wala kuchemshiwa majani. Walinywa dawa iliyosafishwa na kupimwa, tena juu ya dawa zao za zamani, si badala yake, na wengi wao hawakuacha kabisa kuanguka. Dozi huanza na miligramu 5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito, maana yake mtoto wa kilo 15 huanza na miligramu 75 zinazogawanywa asubuhi na jioni, na damu yake hupimwa ili kuona hali ya ini, hasa kama anatumia pia valproeti, dawa nyingine ya kifafa. Sasa msomaji aichukue ile chupa ya mafuta inayoagizwa kwa simu, atafute humo idadi ya miligramu. Niliyowahi kuishika mimi ilikuwa na picha ya jani, basi. Mama aliyekuja nayo alikuwa ameacha kumpa mwanawe dawa yake ya kifafa, fenobabito, kwa siku nne, kama alivyoelekezwa na muuzaji, na mtoto alifika mikononi mwetu akianguka mfululizo bila kupata fahamu katikati. Tulimwokoa, ila kwa shida. Simlaumu yule mama, maana hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba fenobabito haiachwi ghafla.

Kuna jambo jingine ambalo barua ile haikuligusa. Kifafa kingi cha huku kwetu hakitokani na Dravet, bali na watoto kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, au tegu wa nguruwe waliojikita kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata uchunguzi na dawa zinazofaa, na kati ya dawa hizo fenobabito ni ya bei ndogo mno. Mgonjwa anayetembea kwa muda wa saa tatu hadi zahanati na kuambiwa vidonge vimekwisha, arudi wiki ijayo, ndiye huyo huyo atakayesikiliza muuza mafuta.

Sipingi kanabidioli kuwafikia wale wachache ambao dawa mbili au tatu zimeshindwa kuwasaidia. Desemba 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya iliiondoa bangi katika orodha yenye masharti makali kuliko zote, na sababu mojawapo ilikuwa ni tiba. Ninachoomba ni mamlaka zetu zieleze hadharani, kwa Kiswahili cha kueleweka, daktari bingwa afuate njia gani anapoona mtoto anahitaji dawa hiyo, ili mzazi asibaki na vichochoro peke yake.

Na kama mwandishi wa barua ile bado anayo chupa aliyoisifia, aipeleke maabara ikapimwe, kisha atuletee majibu humu humu gazetini.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro