Mabadiliko ya mfumo wa forodha yasiwe ya kushtukiza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua sisi mawakala wa forodha, pamoja na waagizaji na wasafirishaji wa bidhaa tunaowahudumia, nalo ni mabadiliko ya taratibu kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta kabla ya wahusika kuarifiwa.

Si mara moja nimeandaa tamko la forodha kwa msimbo wa bidhaa, yaani tarakimu zinazotambulisha aina ya bidhaa, ambao siku iliyotangulia ulikubaliwa bila swali, mfumo ukalikataa, na waraka unaoeleza badiliko lenyewe ukanifikia siku kadhaa baadaye. Kwa aliye nje ya kazi hii, siku chache si kitu. Kwa mwenye mzigo ni tozo ya hifadhi inayopanda kila kukicha, tozo ya kampuni ya meli kwa kontena ambalo halijarudishwa, na mnunuzi aliyechoka kusubiri.

Mkataba wa Uwezeshaji wa Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, unazitaka nchi wanachama zichapishe sheria na kanuni mpya mapema iwezekanavyo kabla hazijaanza kutumika, na ziwape wafanyabiashara fursa ya kutoa maoni. Ni kweli kwamba mkataba huohuo umeviacha kando viwango vya ushuru, na sababu yake inaeleweka, kwa kuwa ongezeko la ushuru likijulikana mapema wapo watakaokimbilia kujaza maghala. Hata hivyo, hoja hiyo haiwezi kutetea fomu mpya, kiambatisho kipya wala msimbo mmoja uliogawanywa kuwa kadhaa. Sijaona bado mfanyabiashara aliyelimbikiza fomu.

Misimbo yenyewe haibadiliki kwa ghafla. Shirika la Forodha Duniani huipitia kwa kawaida kila baada ya miaka mitano hivi, na toleo la 2022, ambalo miongoni mwa mengine lilizipa simu janja na ndege zisizo na rubani nafasi zao wenyewe, lilijulikana muda mrefu kabla ya kuanza kutumika. Toleo linalofuata limepangwa kuanza tarehe 1 Januari 2028. Kinachotushtua ni tarakimu ambazo kila nchi huongeza baada ya zile sita za kimataifa, na masharti ya vibali yanayofungamanishwa nazo, kwani hayo hubadilishwa na mamlaka ya nchi wakati wowote.

Wanaoumia zaidi ni wale ambao mizigo yao iko baharini. Mwagizaji amekwisha kukubaliana bei, ankara imetolewa, hati ya shehena, ambayo kampuni ya meli huitoa kuthibitisha kuwa imepokea mzigo, imesainiwa na meli imeondoka. Kibali ambacho sasa kinatakiwa kupatikana kabla ya kupakia hawezi tena kukipata kwa njia halali. Kila waraka wa namna hiyo ungepaswa kuwa na kipengele cha mpito kinachosema wazi kwamba mzigo ambao hati yake ya shehena ilitolewa kabla ya tarehe fulani utashughulikiwa kwa utaratibu wa zamani. Ni sentensi moja tu, lakini mara nyingi haimo.

Tena, nyaraka za zamani zisifutwe kwenye tovuti za forodha pindi mpya zinapowekwa. Wakaguzi huja baada ya mzigo kutoka, pengine miaka kadhaa baadaye, na mfanyabiashara hulazimika kuthibitisha kanuni ilisemaje siku alipowasilisha tamko lake. Leo tunategemea nakala tulizochapa na kuzihifadhi kabatini, na asiye na nakala hana utetezi.

Kwa hiyo naziomba mamlaka za forodha ziweke rejesta moja ya mabadiliko iliyo wazi kwa wote, yenye tarehe ya kutangazwa na tarehe ya kuanza kutumika kwa kila badiliko, na mafundi wa mfumo wasiruhusiwe kuwasha badiliko lolote ambalo halimo katika rejesta hiyo.

Wakala wa forodha