Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Mheshimiwa, karibu Mbagala, na pole kwa foleni ya Barabara ya Kilwa. Tunajua umetoka zamu ya usiku hospitalini ukaja moja kwa moja.

Muhula huu klabu yetu ilisoma historia ya upasuaji. Wengi tulikimbilia moyo: Dkt. Christiaan Barnard, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, alipompandikiza Louis Washkansky moyo wa binti aliyegongwa na gari. Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa nimonia. Picha ya Barnard tuliibandika ukutani siku ya kwanza.

Kadiri tulivyosoma, tukajikuta tunarudi kwenye beseni la kunawia. Dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, kisu kikaacha kuuma, lakini wagonjwa waliendelea kufa kwa vidonda kuoza. Mwaka uliofuata, huko Vienna, Dkt. Ignaz Semmelweis aligundua kwamba akina mama waliozalishwa na madaktari wanakufa zaidi kwa homa kuliko waliozalishwa na wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti, kisha wanaingia wodini. Aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Vifo vikashuka kutoka takriban 18 katika kila 100 mwezi Aprili hadi karibu 2 miezi michache baadaye. Wakubwa walimbeza. Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili Agosti 1865, na mwezi huohuo, Glasgow, Joseph Lister alifunga mguu uliovunjika wa mtoto wa miaka 11 kwa kitambaa chenye asidi ya kaboliki, dawa ya kuua wadudu wa maradhi. Mguu ukapona bila usaha. Mwenzetu mmoja alilia aliposoma hapo, ingawa leo anakana.

Lililotugusa zaidi ni la jirani zetu. Mwaka 1879, Bunyoro, Uganda ya leo, mgeni Mwingereza, Robert Felkin, alimshuhudia mganga akimpasua mama ili kumtoa mtoto. Mama alilevywa kwa pombe ya ndizi. Kwa pombe hiyohiyo mganga alinawa mikono, akamsafisha mama tumbo. Jeraha lilifungwa kwa pini za chuma na kamba ya magome, na mama akapona. Wapo waliosema ile ni desturi tu. Sisi tunasema fundi hanawi bila sababu.

Hapa kwetu, Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na hilo tunajivunia.

Mheshimiwa, changamoto yetu ni aibu kuisema baada ya hadithi hizi. Vyoo vya wanafunzi vina koki mbili. Moja imekufa tangu mwaka jana, na ya pili hutoa maji asubuhi tu. Sabuni tunachangishana, ikiisha Jumatano tunasubiri Jumatatu.

Tunaomba utusaidie kupata tenki la maji na koki za kunawia karibu na vyoo. Pia tunaomba hadubini moja, hata iliyotumika, tuwaone hao wadudu wa maradhi ambao Semmelweis hakuwahi kuwaonyesha wakubwa wake. La mwisho: uje siku moja utuonyeshe daktari anavyonawa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, mpaka kwenye viwiko. Maji ya siku hiyo tutayateka wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Afya.